Mkaguzi wa Sabuni za Mapacha

Stambuli alikuwa amekaa nje ya kituo cha treni cha Fairfield, jijini Sydney, anamalizia soda iliyokwisha kupata moto, alipomwona mama wa kwanza akipita na bokisi la sabuni ya unga kichwani. Hakushtuka. Akapita wa pili, naye na bokisi. Wa tatu alikuwa na mabokisi mawili ndani ya kigari cha mtoto, na mtoto mwenyewe yuko mgongoni. Alipopita wa saba, Stambuli akasimama akajipangusa suruali. Mtu mwingine angejiuliza leo kuna nini. Stambuli hajiulizi, Stambuli hufuata.

Aliwafuata mpaka kwenye nyumba moja ya matofali yenye gereji wazi, na humo ndani, wallahi, sabuni zilikuwa zimepangwa kutoka sakafuni hadi dirishani. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa anatoka kulikoni.

"Yvette amezaa mapacha," mama akamjibu huku akicheka.

Hao ni Wakongo wa Bukavu, na kwao mtu haendi kuona mtoto mchanga mikono mitupu. Anabeba sabuni, maana mtoto ni nguo na nguo ni kufua. Sasa fikiria mapacha, tena kwa mama anayeimba kwenye kwaya yenye wanawake hamsini na kitu.

Tuelewane mapema: Stambuli wa Tanga si mwizi. Mwizi huingia dirishani. Stambuli hukaribishwa, huwekewa kiti, hupewa chai, na akiondoka husindikizwa hadi getini. Ila safari hii hakuwa anacheza. Wilkister, mama wa Kisumu anayesimamia soko moja la Jumamosi upande wa Villawood, alikuwa amempa meza baada ya miezi mitatu ya kubembelezwa, kwa sharti moja: "Jumamosi nikute imejaa mali. Nikikuta tupu nampa mwingine, na usinipigie simu tena."

Na Saleha, mkewe, alikuwa ameshashona kitambaa cha kijani cha kutandika kwenye meza hiyo, akakipiga pasi mara mbili.

"Stambuli," alimwambia, "nimevumilia zile simu zako ambazo haziwaki. Nimevumilia dawa ya kuotesha nywele. Meza hii ukiiharibu, naenda kwa kaka yangu Ridhwan, Parramatta, na sirudi kwa maneno yako matamu."

Stambuli alimpenda Saleha, tena alimpenda sana. Kitambaa kilikuwepo, meza ilikuwepo, mali ndiyo haikuwepo. Jioni ile ile akampigia Wilkister. "Dada, wewe lala usingizi. Naleta sabuni za unga, bokisi ishirini na zaidi."

Jumanne akarudi Fairfield amevaa kizibao cha rangi ya chungwa chenye mistari ya kung'aa. Sydney ukivaa kizibao hicho na kushika karatasi, unaweza kuingia hata benki ukawaambia wasogeze kaunta. Ndani ya treni alikuwa amesoma kwenye simu kila kitu kuhusu sabuni ya kufulia: inavyowekwa, inavyoharibika, inakaa muda gani. Mjanja anayejiheshimu hufanya utafiti.

Mlango ulifunguliwa na Yvette mwenyewe, pacha mmoja begani. Sebuleni shangazi yake, Mama Chibalonza, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyekuja kumtunza mzazi, alikuwa anakunja nguo ndogo ndogo wala hakuinua kichwa.

"Habari za hapa. Natoka Kitengo cha Usalama wa Sabuni Majumbani."

"Kitengo gani?" Yvette akauliza.

"Kipya."

"Papa, tumekosa nini?"

"Sijasema mmekosa. Nionyesheni gereji."

Walipofika gerejini Stambuli alipiga mluzi wa kusikitika. "Ona sasa. Unga mmeuweka chini kwenye saruji. Saruji inapitisha unyevu, unga unashikana unakuwa jiwe. Na gereji hii ina joto la tanuri. Sabuni inataka pakavu, pa baridi, kifuniko kimefungwa. Hii ya maji ikishafunguliwa ni miezi sita, mwaka ukijitahidi, halafu inajitenga, juu maji chini uji. Na hivi vidonge vya kufulia, nani kavitia kwenye bakuli la peremende?"

"Ni miye," Yvette akasema kwa sauti ndogo. "Viko na rangi nzuri."

"Basi wanao wakianza kutambaa nao wataona rangi nzuri. Vifungiwe juu. Na hii chupa ya juisi?"

"Ni sabuni ya maji. Chombo yake ilipasuka."

"Mtu akisikia kiu je?"

Yvette akaziba mdomo kwa mkono. Ukiacha hicho kitengo chenyewe, mpaka hapo Stambuli hakuwa amesema hata neno moja la uongo, na jambo hilo lilikuwa linamkosesha raha. Akarekebisha.

"Lakini hayo madogo. Unga ukikaa wiki tatu kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, unageuka. Unatoa hewa mbaya. Kwa mapacha ndiyo balaa mara mbili."

"Hewa gani?" Lilikuwa neno la kwanza la Mama Chibalonza.

"Isiyo na harufu, mama. Ndiyo hatari yake."

Machozi yakaanza kumtiririka Yvette juu ya kichwa cha mtoto. Stambuli alichomwa kidogo moyoni, kusema kweli alichomwa. Akakumbuka kitambaa cha kijani, akajikaza.

"Mungu wangu!" Mama Chibalonza akashika kiuno. "Na siye tunalala hapa! Sasa tufanye nini, Papa inspekta?"

"Msiogope. Serikali inazichukua bure. Ijumaa naja na gari. Ila kila bokisi lifungwe kwa tepu, raundi tatu, hewa isitoke. Na likishafungwa lisifunguliwe tena!"

"Raundi tatu," mama akarudia, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. "Na ya kutumia?"

"Bakisheni mawili. Myaweke juu."

"Juu wapi? Rafu haiko." Akaingia ndani, akarudi na keekee ya umeme na kopo la skrubu. "Mbao ziko pale, bwana wa Yvette alinunua tangu Krismasi. Serikali ikisema juu, serikali ipandishe."

Angekataa vipi? Joto la Januari lilikuwa limepita nyuzi arobaini, na Stambuli alitundika rafu tatu, akafunga kabati moja na kitasa chake, akahamisha kila kitu kutoka saruji. Tangu aondoke Tanga hakuwahi kufanya kazi namna ile. Mama Chibalonza akamletea maji, akamwita mwanangu, akamwombea baraka. Jioni Stambuli alirudi na malengelenge mikononi, lakini njia nzima alikuwa anacheka peke yake. Watu wengine bwana! Mtu unamwibia na anakuombea dua.

Ijumaa alikuja na vani aliyoazima kwa Muema, muuza samaki. Mabokisi ishirini na sita yalikuwa yamepangwa barazani, yamefungwa kama alivyoagiza, yananukia maua. Aliinua la kwanza akaridhika, lilikuwa zito. Mama Chibalonza alimngoja kwenye ngazi na karatasi.

"Utie sahihi hapa, Papa. 'Serikali imechukua na hairudishi.' Siye wakimbizi tunaogopa sana mambo ya karatasi."

"Mna haki, mama," Stambuli akasema, akatia sahihi ndefu yenye mikia miwili.

Vani ikalala imefungwa juani hadi jioni, na asubuhi ya Jumamosi ikaamka na harufu. Stambuli aliteremsha vioo vyote akamlaani Muema na samaki zake mpaka Villawood.

Saa moja na nusu asubuhi Saleha alitandaza kitambaa cha kijani, akakinyoosha pembe kwa pembe. Stambuli akapanga mabokisi ghorofa kwa ghorofa. Wilkister akapita na daftari lake, akaangalia, akatikisa kichwa polepole.

"Umejaza kweli," akasema, na hakuondoka. Akasimama pale pale kana kwamba anangoja kitu.

Saleha alimtazama mumewe kwa macho ambayo Stambuli hakuwa ameyaona mwaka mzima. Stambuli akajiona amerefuka.

Mteja wa kwanza alikuwa bibi mmoja wa Kivietinamu. Akachukua bokisi, akalitikisa sikioni. Unga ukitikiswa husema shaa. Lile lilisema bup. Akalirudisha mezani, akaonyesha kwa kidole: fungua.

"Bila wasiwasi," Stambuli akasema, akakata tepu, raundi tatu. Juu kabisa palikuwa na kikombe kimoja cha unga mweupe unaonukia vizuri. Chini ya unga palikuwa na nepi. Nepi zilizotumika, zimekunjwa kwa ustadi, zimeshindiliwa, zimeiva kwa joto la siku nzima.

Naomba radhi kwa msomaji aliye mezani. Harufu ile haikutoka tu, ilisimama kwa miguu yake ikasalimia soko zima. Bibi akakimbia kwa kasi isiyo ya umri wake. Stambuli akapasua bokisi la pili, la tatu, la tano. Nepi, nepi, nepi.

"Stambuli," Saleha akasema, ukingo wa mtandio puani. "Ni nini hii?"

"Inspekta!" sauti ikaita kwa furaha. Mama Chibalonza alikuwa anakuja na Yvette, kigari cha mapacha mbele, wanawake wanne wa kwaya nyuma. "Habari ya sabuni yetu?"

"Mama, mmenifanyia nini?"

"Siye? Si ulisema kuna kitu inatoa hewa mbaya kwenye nyumba ya mutoto? Tukafikiri, tukaona ni kweli. Ndo tukakupatia!"

Wanawake wa kwaya wakashikana kwa kicheko.

"Lakini sabuni!"

"Sabuni ya mutoto kwetu hailali. Nyanya wa watoto, ndiyo miye hapa, anaigawa kwa bamama waliokuja kufua na kupika. Jumatano iliisha yote, mabokisi yakabaki matupu. Na pipa letu la taka linajaa siku mbili. Bamama waliposikia serikali inabeba bure, kila mumoja akaleta nepi za kwake." Akavua miwani, akaifuta taratibu. "Unga mukavu unakaa mwaka, unapita mwaka. Miye na Wilkister tumefua mashuka kwenye nyumba ya wazee miaka tisa, bega kwa bega. Ulipomuahidi sabuni, aliniambia. Ulifikiri hatuzungumuze?"

Stambuli akamgeukia Wilkister. Wilkister alikuwa anaangalia daftari lake kwa makini sana.

"Rafu ziko nzuri, lakini," Yvette akasema, bila hasira. "Na ile chupa ya juisi nilimwaga. Kwa hiyo, aksanti."

Hiyo aksanti ndiyo iliyommaliza. Angetukanwa angejibu, maneno anayo ya kujaza meli. Akasimama na kizibao chake cha chungwa mbele ya watu wote, aibu imempanda mpaka masikioni.

"Saleha," akasema. "Nilitaka meza ijae. Nilitaka uione imejaa."

"Ulimtisha mzazi kwa ajili ya meza yangu?" Saleha akauliza. "Ungeniletea tupu, Stambuli. Tungekaa sote wawili tukaiangalia ikiwa tupu."

Wilkister akafungua daftari. "Meza hii si ya Stambuli tena. Nani anaitaka?"

Mama Chibalonza akashika pindo la kile kitambaa cha kijani, akaligeuza, akalisogeza karibu na miwani.

"Hii ulishona weye, mama?"

"Mimi."

"Kwa mukono?"

"Pindo kwa mkono."

"Mapacha wanabatizwa mwezi ujao, na bamama wote wanataka nguo ya namna moja. Fundi wetu alituambia tungoje mpaka Pasaka."

Saleha akawatazama wale wanawake, akatazama meza. Akainua mabokisi mawili ya juu akayashusha chini mwenyewe, halafu akaanza kukipangusa kitambaa.

"Andika jina langu," akamwambia Wilkister. "Saleha. Peke yangu."

Stambuli akasogea karibu. "Na mimi?"

Saleha hakugeuka.

"Wewe pakia," akasema. "Ukimaliza uende jalalani, halafu ukaoge. Ndipo tutazungumza."