Risiti Kabla ya Kodi

Jumapili, 28 Juni

Siku ya kihistoria! Dada amenikabidhi funguo zote za nyumba aliyotuachia marehemu baba. Vyumba saba, juu na chini. Bunda zito, linavuta mfuko wa suruali. Ni mwezi mmoja wa majaribio. Kodi yote ikiingia kabla ya tarehe tano kuisha, mimi ndiye msimamizi wa kudumu. Isipoingia, funguo zinarudi kwake na nisiguse tena hata kitasa. Amekubali kwa sababu ya magoti. Miaka kumi na moja anapanda ngazi na daftari lake, mlango hadi mlango, siku nzima, akibeba vichanga na kusikiliza habari za wagonjwa. Nimemwambia apumzike, dunia imebadilika, sasa kodi italipwa mtandaoni na risiti itajituma yenyewe. Akasema haya, ila mpanda ngazi hushuka. Nikamjibu kwamba mimi sipandi, natuma.

Jumatatu, 29 Juni

Nimebandika tangazo ukutani, chini ya ngazi. Masharti manne, nimeyatunga mwenyewe. Sharti la tatu: risiti ya simu ndiyo ushahidi pekee, maneno ya mdomo hayatambuliwi. La nne: ujumbe wowote unaopinga risiti ni wa matapeli, uripotiwe mara moja. Mwalimu wa chumba cha pili alisoma yote mara mbili, akauliza kama nina hakika na sharti la tatu. Nikamwambia mimi si mtu wa kubahatisha. Akalinakili kwenye karatasi. Msomi huyajua maandishi mazuri!

Jumanne, 30 Juni

Nimeujaribu mtambo wa kutuma risiti kwa simu. Mwoga angejaribu kwa chumba kimoja. Nikaandika: Kodi yako ya Julai imepokelewa kamili, ahsante, Ofisi ya Msimamizi. Nikabonyeza Wote. Zikafika! Saba kwa mpigo! Nilisikia simu zikilia juu na chini, nikasimama uani mikono kiunoni. Laiti baba angekuwepo.

Jumatano, 1 Julai

Kodi hakuna. Heshima tele. Wapangaji wananisalimia kwa bashasha ambayo sijawahi kuiona. Fundi cherehani wa chumba cha tano amenishukuru kwa kumlipia. Nikamweleza kwamba sijamlipia mtu, lile lilikuwa jaribio. Akaniuliza kwa upole kama hayo si maneno ya mdomo. Mwalimu akatoka na karatasi yake, akasoma sharti la tatu kwa sauti ya darasani. Watu wakapiga makofi. Kusema kweli, limesomeka vizuri sana.

Alhamisi, 2 Julai

Nimetuma ujumbe wa kufuta risiti. Wakafuata sharti la nne. Wameniripoti, wote saba! Kampuni yenye mtambo imenifungia siku tatu kwa tuhuma za utapeli. Nikapiga simu kujitetea. Binti wa huduma kwa wateja akasema malalamiko saba yanafanana neno kwa neno, tena yana ufasaha wa hali ya juu. Mwalimu huyo! Lakini tuwe wakweli. Mtambo umefanya kazi. Masharti yamefanya kazi. Ni kodi tu ndiyo haijafanya kazi.

Ijumaa, 3 Julai

Nimekaza uso nikapanda ngazi. Nikabisha, nikasema, Chumba Namba Tano, habari za leo. Fundi cherehani akasema yeye ana jina, na mtoto aliyembeba ana jina. Nilikuwa sijui hata moja. Nikabaki mlangoni nikichezea funguo. Akaniambia siku aliyoshikwa na uchungu ni dada yangu aliyemtafutia gari na kwenda naye hospitali. Akasema nikitaka maneno ya mdomo yatambuliwe, basi nimtume dada, ya kwake wanayatambua. Nikashuka. Dada sikumwambia. Heri kufa na tai shingoni.

Jumamosi, 4 Julai

Dada amejua. Nyumba ya vyumba saba haina siri. Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua daftari lake akapanda, ngazi moja moja, mkono ukutani. Katikati akasimama kupumua. Nilitaka kukimbia nimshike mkono, nikaona haya. Mimi ndiye niliyemwambia apumzike! Niliumia kwelikweli, robo saa nzima. Saa kumi jioni akashuka. Wote wamelipa. Bahasha zilikuwa tayari kila chumba, zinamsubiri yeye. Fundi cherehani alimpa na dawa ya kuchua magoti. Dada akaninyooshea kiganja. Nikamkabidhi funguo kwa taadhima. Kiongozi bora hugawa majukumu.

Jumapili, 5 Julai

Leo tarehe tano na kodi imeingia yote! Asilimia mia! Nani mwingine mtaa huu anaweza kusema hivyo? Si jirani yetu, mwenye nyumba ya vyumba ishirini na viwili, ambaye bado anakimbizana na wapangaji wake. Asubuhi alikuja kuniuliza siri. Nikamwambia ni mtambo. Dada alikuwa hapo uani anaanika nguo, akakohoa. Vumbi hilo. Jirani alivutiwa mno. Amenipa namba za wapangaji wake wote, na cheo juu: Msimamizi Mkuu! Nimemwahidi kuanza kesho, maana kampuni imeshanifungulia. Lakini mtu makini hangoji kesho. Namba zote ishirini na mbili nimeshaziingiza. Ngoja nitume risiti moja tu, kwa Wote, nione kama zinafika.