Kisanduku cha Kumlilia Mwizi

Siku ugomvi ulipolipuka mlango wa pili, Darubini alikuwa na kiatu kimoja. Cha pili kilikuwa mikononi mwa fundi viatu, soli ikiwa imeachama. Mtu mwenye adabu angejifanya hasikii, maana ya Ngoswe mwachie Ngoswe. Darubini alisogeza kigoda karibu na ukuta.

"Saa ya dhahabu ya marehemu baba haikuota miguu!" mwanamke alikuwa akifoka. "Imepotelea humu humu!"

"Dada, nishakwambia, kaichukua Mama Vifungo," mwanamume akajibu. "Jioni hii namfukuza."

"Mimi, bosi?" ikasikika sauti ya tatu, ikitetemeka. "Vifungo vyote hivi nimekutunzia, kimewahi kupotea hata kimoja?"

Fundi viatu alieleza yaliyobaki bila kuombwa. Kiwanda kile cha kushona sare kilirithiwa na ndugu wawili, Bosi na Dada Mkubwa. Mama Vifungo ni mjane, fundi wao wa siku nyingi, na akitoka pale na jina la mwizi hakuna cherehani mji mzima itakayompokea.

"Maskini," alisema Darubini, na huruma ilimshika kweli. Ilimshika mpaka alipomaliza kufunga kamba za kiatu.

Baada ya chakula cha mchana alibisha hodi kiwandani. Alivaa koti jeupe aliloazima kwa kinyozi na miwani isiyo na vioo, na kwapani alibeba kopo la biskuti lililozungushiwa nyaya za redio mbovu.

"Mtaalamu wa uchunguzi wa jinai," alijitambulisha. "Alama za vidole, na saikolojia ya mhalifu. Nasikia mna tatizo."

"Umesikia wapi?" aliuliza Bosi.

"Sisi huwa tunasikia."

"Hatukuhitaji. Mwizi tunaye."

"Kama tunaye, unaogopa nini?" Dada Mkubwa aliingilia. "Sayansi si itasema hivyo hivyo? Karibu, mtaalamu."

Bosi alimeza mate. Msomaji, nakuomba uyaweke kando mate hayo, tutayahitaji.

Darubini aliwaeleza kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa na akili. Kisanduku kingewekwa stoo, gizani. Kila mtu angeingia peke yake na kubandika kiganja juu ya mfuniko. Jasho la mwizi lina umeme wake, kisanduku kingelia king'ora. Asiye na hatia angetoka kimya, ngumi imefumbwa, akasimame uso ukutani na macho kayafumba.

"Macho tufumbe ya nini?" aliuliza Dada Mkubwa.

"Mkitazamana mnaambukizana wasiwasi, mama. Ni saikolojia. Halafu madini huvuruga mawimbi. Pete, bangili, mikufu na simu, vyote kwenye trei hii."

Bangili za Dada Mkubwa peke yake zilijaza nusu ya trei.

Ukweli ni kwamba kopo lile lisingelia hata kwa msiba wa mama yake. Mfuniko ulipakwa masizi tu. Mwizi huogopa kugusa, kwa hiyo hutoka na kiganja safi, nao wasio na hatia hutoka weusi. Ujanja huo ni wa zamani na hufanya kazi, ila Darubini hakujali nani kaiba nini. Masizi aliyapaka kwa heshima ya taaluma. Haja yake ilikuwa trei, na dakika moja ya watu kutazama ukuta.

Dada Mkubwa na mafundi waliingia mmoja mmoja, wakatoka. Kimya. Mama Vifungo aliingia akisali kwa sauti. Kimya. Alipotoka, alisimama kidogo mlangoni kiganja kikiwa usoni, kisha akaangua kilio na kumkumbatia mtaalamu kwa mikono yote miwili.

"Mungu akuzidishie, baba! Umeniokoa!" alilia, akimpapasa mgongo.

Darubini hakukumbuka mara ya mwisho kushukuriwa na mtu. Kwa kitambo kidogo aliona haya. Kisha macho yake yakarudi kwenye trei.

"Ukutani, mama. Bosi, zamu yako. Kaa humo mpaka nikuite."

Hakumwita. Bosi alikaa, akakohoa, akauliza kama atoke. Dada Mkubwa alipofumbua macho, mtaalamu hakuwepo, na trei haikuwepo. Watu walipiga kelele, wakafumbua ngumi, na wote wakajikuta na viganja vyeusi. Ndipo Bosi alipotoka stoo mbio, mikono juu, myeupe pee.

Dada Mkubwa alitazama kiganja chake. Akatazama cha mdogo wake.

"Hukugusa."

"Giza, dada..."

"Sisi tuligusa mchana? Saa iko wapi?"

Bosi alimeza mate yale yale. "Nimeiuza," alisema.

Dada Mkubwa alimgeukia Mama Vifungo, aibu imemjaa. "Nisamehe, mama."

"Tutasameheana njiani. Kwanza bangili zako."

Wakati huo Darubini alikuwa akitembea taratibu, kwani kukimbia ni kwa wasiojua saikolojia. Alikata vichochoro. Watu walimpisha wakitabasamu, askari wa barabarani akasimamisha magari apite, naye akaitikia kwa kichwa kama waziri. Alifika kwa sonara, akatoa bangili ya kwanza, na mlango ukafunguka. Kiwanda kizima kiliingia, na yule askari nyuma yao.

"Haiwezekani," alisema Darubini. "Mmenipataje?"

"Tuliuliza njiani," alisema Mama Vifungo. "Tunamtafuta mtu mwenye mikono mgongoni. Kila mtu alikuwa amekuona. Vua koti, mwanangu."

Alilivua. Mgongoni palikuwa na mikono miwili myeusi, vidole vyote kumi, wazi kabisa.

"Nilipotoka stoo nilinusa kiganja," Mama Vifungo aliendelea. "Nikajiuliza, sayansi gani hii inayonuka sufuria? Nikakutazama, nawe unatazama trei. Nikapaka na mkono wa pili."

"Kwa hiyo yale machozi..." alisema Darubini, na safari hii aliumia kweli.

"Machozi yalikuwa ya shukrani, mwanangu. Mikono ndiyo ilikuwa kazini."

Askari alinyoosha mkono apewe koti kama ushahidi. Darubini alimzuia.

"Usilikunje, afande," alisema, akilishika mabegani kwa ncha za vidole. "Alama zitafutika."