Kumbe Ng'ombe Nao Hugoma

Jumatatu, 2 Novemba 1959

Kosgei na chama chake tena! Ametukusanya sisi wakamuaji nyuma ya zizi, akatukumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Tukijiunga sote, Bwana mwenye shamba atatoa viatu vya gambuti, Jumapili ya kupumzika kwa zamu, na jagi la maziwa kwa kila nyumba yenye mtoto. Maziwa! Tunakamua tangu alfajiri na watoto wetu wanakunywa chai ya strungi, bila hata tone. Mama Jerop anataka niandikishe jina leo leo, kwa kuwa Jerop wetu amekonda hadi anatia huruma. Nimemwambia atulie, maisha ni mipango. Mzee Wanyoike, nyapara wetu, anarudi kwao mwisho wa mwezi. Koti lake la kaki na firimbi vitahitaji mtu. Nyapara hangojei jagi, hujichotea.

Jumatano, 4 Novemba

Bwana amekataa kila kitu. Kesho tunagoma, hakuna kukamua. Kosgei aliniuliza kama niko nao, nikamwapia kwa jina la mtoto. Na huyu ndiye aliyenipa sufuria yake nilipofika shamba hili mikono mitupu! Jioni nikapitia mlango wa jikoni kwa Bwana. Nikamwambia asihofu, ng'ombe hawajui habari za chama, nitawakamua wote peke yangu. Akanitazama sana. Akasema nikiweza, koti ni langu. Nimerudi nyumbani napiga mluzi wa kinyapara.

Alhamisi, 5 Novemba

Sitaki kuandika. Basi, naandika.

Ng'ombe wangu walikubali. Wale wengine, wapi! Kila ng'ombe hapa ana mkono wake na wimbo wake. Hata mtoto anajua. Hata mimi nilijua! Lakini nilikuwa na mpango. Wenzangu huacha makoti ya kazi msumarini, nikavaa la mmoja ili ng'ombe wake anuse harufu anayoijua. Akakataa. Nikavaa la pili juu yake, kisha la Kosgei. Nikawa mnene kama gunia la pareto, nanuka watu watatu.

Ng'ombe wa Kosgei tunamwita Memsahibu kwa maringo yake. Alininusa toka juu mpaka chini. Nikamwimbia ule wimbo wa kanisani Kosgei humwimbia. Hata ubeti haukuisha! Teke moja, ndoo kule, mimi kwenye samadi. Jua likapanda, viwele vimejaa, zizi zima linalia hadi barabarani. Bwana mwenyewe akajaribu, naye akapata teke lake. Ikabidi atume gari kwa Kosgei, na maneno kwamba amekubali yote.

Kosgei alinikuta nimevaa koti lake. Hakunitukana. Alisema tu nivue upesi, Memsahibu anaumia. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 7 Novemba

Gambuti zimefika. Kuhusu koti la kaki, Bwana amesema makoti niliyokwisha kuvaa yananitosha. Wenzangu walipanga foleni ya maziwa, mimi nikajifanya natengeneza ua.

Jioni, hodi! Kosgei na jagi. Amesema chama kimekubaliana kwamba mtoto hakumsaliti mtu. Jerop alikunywa hadi akaota masharubu meupe. Mama Jerop akalia. Mimi nikatoka, nikisema naenda kutazama kuku. Hatuna kuku.

Najuta. Najuta kweli kweli. Nilimuuza rafiki yangu kwa koti la kaki, na bado amemlisha mwanangu. Kesho baada ya kanisa nitaomba radhi mbele ya wote na kuandikisha jina. Naapa, na safari hii simtaji mtoto.

Jumatatu, 9 Novemba

Nimeomba radhi, machozi yakanitoka. Wamenisamehe, nami sasa ni mwanachama. Leo Kosgei amekaa karibu nami zizini kama zamani, akaninong'oneza siri. Wakamuaji wa shamba la ng'ambo ya mto nao wanagoma wiki hii. Nimefurahi mno kuaminiwa tena.

Nasikia huko hawana nyapara. Nasikia pia ng'ombe wao ni wapole. Nimewaza sana juu ya makosa yangu, na funzo nimelipata: makoti matatu yalikuwa mengi. Moja linatosha. Kesho nikitoka kazini nitavuka mto, nipitie mlango wa jikoni kwa Bwana wao, nisalimie tu.