Fukusi Waliostaarabika

Mwaka ule, Shinyanga, majivu yalikuwa yameanza kuonewa haya. Vita vya Hitla vimekwisha, bwana shamba anapita na unga mweupe wa kuulia wadudu, na mtu aliyetia majivu kwenye kihenge chake alitia huku anachungulia njia. Ndivyo Zamoyoni, mtoto wa mjini asiyejua jembe hushikwa upande gani, alivyomfuma Mzee Bujiku wa Didia akichanganya mtama na majivu ya samadi.

"Shikamoo, baba. Bado mnatumia majivu?"

"Marahaba. Fukusi hawayapendi."

"Hao walikuwa fukusi wa zamani. Wa siku hizi wamestaarabika, wanataka sumu ya Ulaya."

Akafungua kopo. Nje lina fuvu la mtu lililochorwa kwa mkaa, ndani unga wa kijivu. Msomaji asihangaike: ni majivu yaleyale, kayachota kwenye mazizi ya kijiji cha pili akayachekecha vizuri. Kila kopo kwa debe la mtama, na kwa ukarimu wake alisema watie kwanza, fukusi wafe, ndipo walipe. Mtu mwema sana.

Bujiku alinusa kopo. Kisha akawaita majirani.

Fukusi wakafa kweli. Zamoyoni alishangaa kuliko wote, tena ilimuuma, maana hajawahi kuuza kitu kikafanya kazi. Wanakijiji wakamlipa kutoka kwenye vihenge vilevile. Akajaza magunia, akakodi gari la ng'ombe la Bujiku, mzee mwenyewe akiliongoza, kwenda Songwa kwa wachimba almasi. Mtama ule ndio mali yake yote; ndio ungemfungulia duka, na hata jina la duka alikwisha kulichagua.

Mwahija, mama wa mgahawa wa hapo, aliyezoeleka kwa jina la Mama Zuleha, alichota mtama kwa kiganja. "Mbona una vumbi?"

Bujiku akadakia, "Ni sumu yake, Mama Zuleha. Imeua fukusi na ukoo wao."

Wachimbaji waliokuwa wakingoja chakula wakarudi nyuma.

"Ni majivu tu, mama," Zamoyoni akamnong'oneza.

"Sema kwa sauti, Mzee Bujiku naye asikie."

Zamoyoni akaitazama fimbo ya ng'ombe mkononi mwa Bujiku, akawakumbuka wanaume wote wa Didia. Akisema majivu, ngozi imekwenda. Akisema sumu, duka limekwenda. Akaipenda ngozi.

"Ni sumu," alisema.

"Basi haiingii jikoni kwangu. Na huwezi kuimwaga ovyo, kuna watoto. Nitaifukia mimi, ila wachimba shimo hawafanyi kazi ya bure. Vua koti."

Akavua, maskini.

Mchana njaa ikamrudisha palepale. Nyuma ya jiko wanawake wanapepeta mtama, vumbi la kijivu linapeperuka. Ndani amekaa Bujiku, kavaa koti, anamega ugali.

"Mzee, ulijua?"

"Didia nzima ilijua. Mama Zuleha hununua mtama wangu kila mwaka, majivu yangu anayafahamu. Nusu ya magunia ni yake, nusu inarudi nyumbani. Wabeja, asante kwa kutuchekechea majivu, mwanangu. Karibu chakula."

Zamoyoni akataka kukasirika, tumbo likamkataza. Akanawa, akala mpaka akaramba vidole. Na kwa kuwa hakuwa na cha kulipia, Mwahija akamkabidhi ungo, akamwonyesha pa kukaa kati ya wanawake.