Mzigo wa Mbaabu Hauna Tiketi

Redio ya Gatakaa ndiyo iliyotuharibia asubuhi. Tulikuwa tumekaa zetu kwenye benchi la kibanda chake cha chai pale sokoni Kianjai, hatuna ugomvi na mtu, mara mtangazaji akasema kampuni ya ndege ya Korongo imeshusha nauli ya Nairobi kwenda Kisumu. Chai haijapoa, akarudi tena: Mbayuwayu nao wameshusha, tena chini ya Korongo.

"Hiyo sasa ni bei ya kuku," akasema Misheck. "Tena kuku mgonjwa."

Misheck ni Mmbeere kutoka Kiritiri. Anauza muguka, majani ya kutafuna ya bei rahisi kuliko miraa, katikati ya Wameru wa miraa, kwa hivyo mjue ana roho ngumu.

Aliyecheka hadi gego la mwisho ni Mbaabu. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, na magotini amepakata ncoolo, kile kitita cha miraa cha heshima, kimefungwa kwa majani ya mgomba, ambacho kijana wa Kimeru humpelekea baba ya msichana akitaka kuoa. Mzee akikifungua na kutafuna, maneno yameanza. Akikirudisha, kijana aende nyumbani akapalilie maharagwe. Sasa Mzee Njura, baba yake Kananu anayechumbiwa na Mbaabu, anaishi Kisumu, na mara ya kwanza Mbaabu alienda kwa basi. Basi likaharibika Nakuru, miraa ikafika imekauka. Mzee Njura aliitazama, akasema yeye aliomba mkwe, hakuomba ufagio.

"Leo inafika mbichi," Mbaabu akasema. "Nimekata tiketi ya Mbayuwayu, naruka jioni. Na lazima ifike, bana. Mzee amesema hakuna mara ya tatu."

"Lakini hao watu wanakula nini?" Gatakaa akauliza, birika mkononi. "Mimi nikiuza chai kwa bei ya maji, si nitafunga kibanda?"

Hapo Kailemia akakohoa. Huyu tunamwita Bonga Points, kama zile pointi za kampuni ya simu, maana kila akiongea anajiongezea nguvu ya kuongea tena. Ndege amewahi kuiona kwa karibu mara moja tu, ilipokuja kunyunyizia nzige dawa.

"Gatakaa, sikiza nikuchanue. Ndege ikikaa chini, hiyo ni hasara. Hao wa bei rahisi wanashusha watu, wanapakia wengine, wanaruka. Haipumziki! Halafu wananunua ndege za aina moja tu, ili spea iwe moja na fundi awe mmoja."

"Si hiyo ni mimi?" akaruka Mwenda. Mwenda ni dereva wa pikapu ya miraa, na kwa vile anavyoteremka kwenda Nairobi tunamwita Ndege ya Chini. Leo ndiye angemfikisha Mbaabu uwanjani. "Naenda na miraa, narudi na mitumba. Gari aina moja, fundi mmoja. Hao watu waliniibia akili!"

"Wewe hata breki ni aina moja," akasema Misheck. "Ya mguu kwa ardhi."

Tulicheka mpaka Gatakaa akamwaga chai.

"Na hii vita ya kushushiana bei?" nikauliza.

"Wanataka mmoja afe," Kailemia akanijibu. "Atakayebaki atapandisha mpaka mulie. Kama huyu Mmbeere na muguka yake. Alikuja na bei ya chini, vijana wote wakahama miraa."

"Wacha, mzee! Mimi sikuua mtu. Muguka ni ya mwananchi, miraa ni ya wale wa viti vya mbele. Na wewe ule mti wa babu yako kwani unauza? Umeuzungushia seng'enge kama benki."

Ni kweli. Kailemia ana mti mmoja mzee wa miraa nyuma ya soko, na hata mkewe haruhusiwi kuchuma. Mzee akajifanya hajasikia.

"Mbaabu," akasema, "hiyo tiketi imesema nini kuhusu mzigo?"

Mbaabu akatoa simu. Akasoma, akasoma tena.

"Kabegi kadogo tu, ka kuingia chini ya kiti. Kilo zimeandikwa. Hii ncoolo wanaita mzigo wa ziada." Akateremsha kidole kwenye kioo cha simu. "Nauli yake inapita yangu!"

"Basi hiyo miraa ndiyo abiria," Misheck akasema. "Wewe ndio mzigo."

"Ndivyo wanavyokula," akasema Kailemia kwa raha. "Tiketi ni chambo. Kiti cha dirishani ni ekstra. Maji ni ekstra. Wanakudonoa kidogo kidogo, mpaka ushuke hujui pesa ilienda wapi. Lakini usiogope, kijana, sisi tuko hapa. Leta hiyo kitu tuipunguze."

Mbaabu akasita. Lakini mtu akiwa na shida hata Bonga Points anaonekana mhandisi. Akampa.

Kailemia akafungua kamba, akavua majani ya mgomba, maana eti hayo ndiyo yana kilo. Halafu akasema haiwezekani kufunga upya kabla ya kujua kama miraa iko sawa, akachomoa kijiti akatafuna. "Mbichi kabisa."

"Hebu," akasema Mwenda, naye akachomoa.

Misheck akashauri aivae kiunoni chini ya koti, kwa vile nguo hazilipishwi. Akachomoa. Mwenda akasema hapana, agawe kwa soksi mbili. Akachomoa tena. Nami nikatoa maoni yangu, na sikutoa kwa mikono mitupu. Mjadala ukapamba moto: uzito, ushindani, kama Korongo atafunga kwanza au Mbayuwayu. Nakwambia hatujawahi kuelewa biashara ya ndege vizuri namna ile.

Mwenda ndiye aliyeangalia jua. "Mbaabu, twende! Utaachwa!"

Mbaabu akanyoosha mkono kuchukua ncoolo yake. Kailemia akampa kilichobaki. Kiliingia kwenye mfuko wa shati.

Chini ya benchi maganda yalikuwa yamejaa hadi kwenye viatu vyetu. Gatakaa akaweka birika chini. "Nyinyi wazee hamna haya hata kidogo."

Mbaabu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotuuma.

"Ushauri mlinipa bure," akasema. "Hayo mengine yote yalikuwa ekstra."

"Nauli ya mzigo nitalipa mimi," akasema Bonga Points. Akavua koti, akamwomba Gatakaa kisu na majani mapya ya mgomba, akaelekea nyuma ya soko, Mbaabu akimfuata. Tulisikia seng'enge ikilia. Punde si punde tukaona viatu vyake juu ya mti wa babu yake, na vijiti virefu vyekundu, vile ambavyo hata yeye huvitafuna Krismasi tu, vikianza kumwangukia Mbaabu mikononi.

Mwenda akapiga honi, akapiga tena.

"Ngoja kidogo, bana!" Kailemia akaita kutoka juu, anahema. "Bado kitita cha mzee Njura hakijatosha!"

Mwenda akatoa kichwa dirishani.

"Kungoja ni ekstra, mzee! Ongeza na cha dereva!"