Jinsi Swedi wa Rumonge Alivyokishinda Kidevu Chake Siku ya Uhuru

Njooni, enyi watu wa mwambao! Ninyi wa Gatete wenye mihogo, ninyi wa Nyanza-Lac wenye mawese, nanyi wa Bugarama mnaoshuka mlimani na kudai kila siku kwamba mlitangulia kufika, wekeni chini ndoo na nyavu, nyamazisheni kuku na wakwe, kwa maana leo natongoa habari kubwa kuliko zote zilizopata kutokea baina ya ziwa na mlima.

Wenye vitabu vyao wameandika kwamba tarehe mosi Julai, mwaka wa sitini na mbili, Burundi ilipata uhuru. Bendera ya Wabeleji ikashuka, yetu yenye ngoma katikati ikapanda, wakubwa wakahutubu hata wadogo wakasinzia wima. Sawa, sikatai, mambo madogo nayo yana waandishi wake. Lakini tukio halisi la siku ile, lililowafanya wanawake wa mtaa wetu wasipike hata adhuhuri, hakuna karani aliyelitia wino. Siku ile Swedi mwana wa Amissi alinyoa ndevu.

Mnacheka. Chekeni, kisha msikilize, maana kwanza lazima mjue shujaa alikuwa nani.

Swedi alikuwa Simba wa Soko la Samaki, Mwenye Kisu Kisicholala, wa ukoo uliokuja kwa mtumbwi kutoka Ujiji zamani za Wajerumani. Baba yake alipara samaki, babu yake alipara samaki, na babu wa babu yake naye inasemekana alipara samaki, ingawa huyo hapana aliyemwona. Swedi akiwekewa sangala mnene, alimkamata mkia, akakipeleka kisu kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume cha magamba, kwa nguvu na kwa haraka, magamba yakaruka mpaka wanunuzi wakarudi makwao yakiwa yamewaganda kwenye nyusi. Mkono ule ulifunzwa njia hiyo moja tangu utotoni, na haukujua nyingine.

Adui wake alikuwa ndevu zake mwenyewe. Zilikuwa fupi, ngumu, zilizojikunja, na kila zilipokatwa zilizama chini ya ngozi kama watu wanaoingia kichakani wakimwona mtoza kodi, kisha zikachomoza upya pamoja na kipele. Shingo yake ilikuwa na vipele juu ya vipele. Alizoea kutembea ameshika kitambaa kidevuni, watu wakadhani jino linamuuma, wakampa pole, naye akaipokea.

Angeweza kuishi hivyo hadi kaburini lau si Kadidja. Hapa sifanyi mzaha. Alimpenda Kadidja tangu siku ile binti huyo alipomwambia, mbele ya wateja wote, kwamba ana gamba kwenye nyusi, kisha akacheka, na Swedi akakaa na gamba lile mpaka jioni kwa sababu lilikuwa limetazamwa naye. Mapenzi ni ujinga mtamu.

Lakini mlangoni pa Kadidja alikaa Kulthumu binti Feruzi, shangazi aliyemlea, Ngome ya Mtaa, Mwenye Jicho Lisilopepesa. Na katika nyumba ya Kulthumu palikuwa na desturi ambayo jirani yeyote hakuwa nayo, wala hakuitamani. Bibi yao aliacha kitambaa cha hariri. Kila mchumba alikalishwa kwenye kigoda uani, na hariri ile ikapitishwa shavuni kutoka kidevuni kwenda juu. Ikikwama, posa imekufa. Ikipita lakini ngozi ina vipele, posa imekufa vilevile, na chai hupewi.

Wengi walianguka hapo. Abdul fundi baiskeli alinyoa mara moja tu kwa kuogopa vipele, hariri ikang'ang'ania kwenye shavu lake kama kupe. Aruna mshona nguo akajifunza kutokana na maafa ya mwenzake, akajikwangua mpaka hariri ikateleza yenyewe, ila kidevu kilivimba na kuwa chekundu. Kulthumu akamtazama, akatamka hukumu ambayo mtaa unaitaja mpaka leo: "Hii haiko uso, hii ni chikichi. Mupelekeni kwa watu ya mawese wamukamue."

Mnauona mtego? Ukinyoa kidogo unakwama, ukinyoa sana unavimba. Majemadari wengi wamepewa vita vyepesi kuliko hivyo, na bado wamejengewa sanamu.

Swedi alipopeleka posa, Kulthumu alisimama kizingitini akahutubia kana kwamba mbele yake pana taifa zima.

"Sikia, mutoto wa Amissi! Wazungu wanaenda, nchi inaenda kujitawala. Basi na weye jitawale! Kwa kinyozi usiende, maana mwanaume mwenye kunyolewa na mwengine, kesho atalishwa na mwengine. Siku ya dipanda, ya uhuru yenyewe, jua likifika juu ya paa, ulete shavu yako hapa, umenyoa na mukono yako mwenyewe. Hariri ikipita na ngozi iko salama, Kadidja ni bibi yako. Ikikwama, ao nikiona hata kipele kimoja, namupa ule mufanyabiashara wa Uvira mwenye kumuposa. Watu wake wako njiani."

Uvira! Ng'ambo ya ziwa, nchi nyingine, na mfanyabiashara yule, kwa mujibu wa habari za uhakika kutoka kwa wasiomjua, alikuwa hana ndevu kabisa.

Basi Swedi akaingia vitani mapema, wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe, kwa kujaribu silaha. Akajipaka povu mara moja, akashika mashine ya kunyolea, akaipeleka kutoka kooni kwenda juu kwa nguvu za ukoo wake wote. Akarudia. Povu lilikuwa limekwisha, yeye akarudia tena kavukavu, kwani shujaa haombi msaada wa sabuni. Kisha akajikamulia limao ili kuua ubaya. Kilio alichokitoa kiliwarusha bata majini. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa Rumonge, na mtu wa Rumonge akiumwa popote hukimbilia dawa ile ile, alijipaka mawese uso mzima.

Ilikuwa Ijumaa. Aliingia msikitini na uso wa rangi ya machungwa, unang'aa, unanukia. Hapana aliyemcheka, maana ni nyumba ya ibada, lakini mzee mmoja wa safu ya nyuma alinong'ona kwamba leo amesikia njaa mapema.

Aliporudi alikaa uani akakataa kula. Alimwambia dada yake Zena kwamba yeye ni maiti, kwamba Kadidja ni wa Uvira, na kwamba jiwe la kaburi lake liandikwe jina bila kutaja kidevu. Zena alikuwa anapiga pasi ya makaa. Hakuacha kazi yake.

"Nyoa tena," alisema, "nione."

"Dada! Wataka nife mara ya pili?"

"Usinyoe kweli. Shika mashine bila wembe, unioneshe mukono."

Swedi akamwonyesha. Zena akaitua pasi, akashika kiuno, na hapo historia ikapinda kona.

"Ee Mungu wangu! Kaka, weye unapara sangala! Jitazame. Unashika kidevu kama mukia, unapanda juu na nguvu yote, kinyume ya magamba. Lakini sangala amekufa, haisikii kitu. Uso yako iko hai!"

Swedi akautazama mkono wake, akauona kwa mara ya kwanza. Akanyanyuka akajibu kwa sauti ya mtu anayeshtakiwa pamoja na mababu zake.

"Ewe binti wa mama yangu, wanitia aibu! Mkono uliovua magamba ya samaki wasiohesabika, mkono unaojulikana mpaka Nyanza-Lac, leo ukafundishwe kubembeleza?"

"Ufundishwe," alisema Zena. "Papasa ndevu na kidole. Upande zinalala, pita huko kwanza, polepole. Halafu paka sabuni upya. Mimi nikipiga pasi, kila nikirudi ninarushia nguo maji. Weye unarudi kavu, ndiyo maana unaungua. Pita ya pili iende upande. Sabuni tena. Ile ya kupanda juu iwe ya mwisho, na mukono wepesi, kama haiko. Na limao iache kwa samaki."

"Na mawese?"

"Mawese kwa maharagi, kaka."

Akampiga marufuku kugusa wembe mpaka siku ya siku, ili ngozi ipone. Hivyo kukawa na mapatano ya kusimamisha vita. Ndevu zikaota kwa furaha, zikidhani zimeshinda, na kila alasiri Swedi alikaa nyuma ya nyumba akijipapasa shingo kama kipofu anayesoma uso wa mgeni. Aligundua mambo. Shavuni zililala kuelekea chini. Chini ya taya la kushoto palikuwa na kundi moja lililolala kuelekea sikioni, lisilomtii yeyote, na ndilo lililokuwa likimtia vipele vibaya zaidi tangu ujana wake. Alilipa jina la Wakaidi.

Ikapambazuka siku ya uhuru. Watu wote walielekea uwanjani na nguo zao mpya, na Swedi akaelekea uani na birika la maji ya moto. Akaning'iniza kioo kwenye mpapai. Akajikanda uso kwa kitambaa cha moto mpaka ndevu zikalainika, akatia wembe mpya, akazungusha brashi kwenye sabuni mpaka povu likasimama. Kisha akazungumza na adui, kama ipasavyo kwa waungwana.

"Enyi ndevu! Mmenitesa, mmenidhalilisha mbele ya watu na mbele ya bata. Leo sitawajia kwa hasira. Leo nitawajia kwa adabu, na hilo ndilo litakalowamaliza."

Mapito ya kwanza yalishuka pamoja na ndevu, kwa uzito wa mashine tu. Mkono ulinung'unika, ukataka kukandamiza, akaunyima. Akasuuza, akapaka povu upya, ingawa damu yote ya wachuuzi ndani yake ilipiga kelele kwamba sabuni inapotea bure. Mapito ya pili yakakata upande kwa upande. Akasuuza, akapaka tena. Ya tatu yakaanza kupanda, mepesi mno, naye akiwa ameacha kupumua.

Akafika kwa Wakaidi. Wembe ulikuwa umelala juu ya koo lake, na wakati uo huo bendera ikapanda uwanjani na ngoma zote za Rumonge zikalia kwa pamoja. Ardhi ikatikisika, mpapai ukatikisika, kioo kikacheza. Mkono wa ukoo mzima ukaruka, ukataka kumaliza kazi kwa pigo moja la kutoka mkiani kwenda kichwani. Swedi akauinua wembe hewani. Akasubiri. Nchi nzima ilikuwa inashangilia, naye amesimama na povu shingoni, akimwona Kadidja anapanda mtumbwi wa kwenda Uvira. Ngoma zilipotulia alivuta ngozi kwa vidole viwili, akawaendea Wakaidi kwa upande wao, wakalala mmoja mmoja bila kelele.

Akamaliza kwa maji baridi ya ziwa. Limao lilikuwa karibu, akaligeuzia mgongo.

Jua lilipofika juu ya paa, ua wa Kulthumu ulikuwa umejaa. Watu waliacha hotuba ya tatu uwanjani ili wawahi, jambo lililomuudhi mhutubu. Hata watu wa yule wa Uvira walikuwepo, wamekaa kwenye mkeka wa heshima, wanatafuna karanga kwa utulivu wa washindi. Swedi alikaa kwenye kigoda bila kitambaa cha kuficha kidevu.

Kulthumu akamgeuza uso kwenye mwanga, kulia, kushoto, akainama kama mnunuzi anayekagua jicho la samaki. Akatafuta kipele shavuni, akatafuta kooni, akatafuta nyuma ya sikio ambako hata ndevu hazijapata kufika. Akakunja uso. Akachukua hariri.

Ikapita shavu la kulia. Ikapita kidevu. Ikaingia chini ya taya la kushoto, ikasimama.

Ua wote uliguna. Mtu mmoja wa Uvira akaweka chini karanga. Swedi akafumba macho, na chozi likamtoka, moja, lisilo la limao.

"Shangazi," ikaita sauti ya Kadidja kutoka nyuma ya pazia, "ni pete yako."

Kulthumu akatazama. Naam, hariri ilikuwa imekwama kwenye pete yake mwenyewe. Akaivua pete, polepole, kama anayesalimisha ngome, akapitisha tena, na hariri ikapanda mpaka kwenye nywele bila kizuizi.

"Kweli ni kweli," alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Nimetazama mashavu ya mji huu miaka mingi. Hii imenishinda. Kadidja, na weye useme, nisije kuambiwa nilikulazimisha."

Kadidja akatoka, akasimama mbele ya watu wote, macho chini lakini sauti juu.

"Mimi nilimukubali tangu zamani, na vipele vyake vyote. Ila leo nafurahi. Mutu mwenye kuenda polepole na uso yake mwenyewe, ataenda polepole na mimi. Murakoze, asante sana, shangazi."

Vigelegele vikapaa, na uwanjani wakadhani vinamshangilia mhutubu, wakampa makofi, akaongeza hotuba ya nne. Wageni wa Uvira wakapewa chai kwa ajili ya safari. Zena akacheza mpaka kanga ikamdondoka begani.

Basi, enyi watu wa mwambao, ndiyo habari yenyewe. Nimeona mengi hapa Rumonge tangu siku ile. Niliuona mwaka wa sabini na mbili, mwaka wa mauaji, na niliyoyaona mwaka huo sina ulimi wa kuyasimulia, wala msiniombe. Mkitaka kusikia vita, nitawapa hivi vya Swedi na kidevu chake, kwa kuwa vilipiganwa kwa wembe, kooni, ngoma zikilia, na hapana tone la damu lililomwagika.