Tromboni Iliyokwisha Kuzikwa Haidaiwi

Kindu, katikati ya kiangazi

Kwa Papa Ngeleka,
Mkuu wa Fanfare, bendi ya matarumbeta ya parokia yetu

Papa mheshimiwa,

Nimepokea ujumbe wako wa kunitaka nirudishe tromboni mliyoniletea kiangazi kilichopita ili niilehemu mahali ilipopasuka. Nimeusoma nikiwa nimesimama, kwa heshima, kisha nikakaa kitako kukujibu, kwa sababu mwenye haki ya kulalamika hapa ni mimi. Unanifahamu: mimi ni fundi wa redio, na siku hizi ninaunda lori dogo la kuongozwa kutoka mbali kwa telekomande. Lori hilo linahitaji shasi, yaani ile mifupa inayobeba kila kitu. Tromboni yenu ina bomba zinazonifaa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Fanfare inakalia shaba ya njano huku mafundi wakihangaika. Usidhani nimekimbilia tromboni kwa uvivu. Nilianza na bomba la chuma la kiti kibovu: zito, lina kutu, na lehemu iliviringika juu yake ikaanguka chini. Nikajaribu alumini ya sufuria ya mke wangu. Lehemu haikushika hata kidogo, na hasira ya mke wangu ilishika mara moja. Shaba nyekundu ya friji ilikubali lehemu vizuri, ila lori lilipopanda jiwe la kwanza shasi ikajikunja. Shaba ya njano ndiyo yenye akili: nyepesi, ngumu, na ukiisugua ikang'aa, ukaipaka ulimbo mkavu ninaoletewa kutoka Obokote, ukaipasha moto sawasawa, lehemu inaingia yenyewe kwenye kiungo.

Utaniuliza mbona situmii maganda ya risasi, nayo ni shaba ya njano. Kweli, wakati wa vita tuliletewa bure, mengine yakapitia kwenye bati la paa. Lakini ni mafupi, na mimi sitaki watoto wa mtaa wetu wachezee kitu kilichokuwa kinawatafuta baba zao. Hilo sina utani nalo.

2. Tromboni ni marehemu. Mwaka ule wa vita safari za treni zilipokatika na wenye silaha wakawa wanabeba hata milango, nani alikuja na wazo la kuficha vyombo vya fanfare ndani ya jeneza? Ni wewe, Papa. Tuliimba, tukalia, katekista akasoma sala zote bila kuruka mstari. Tulimpa marehemu jina, Archange, na msalaba nikaubeba mimi. Kwenye bariere ya barabarani askari alivua kofia akauliza kilichomuua ni nini. Mama yangu, Mama Tshiela, akamjibu huku machozi ya kweli yakimtoka: "Kifua, mutoto wangu. Kifua njo kilimumaliza." Askari akatupisha.

Sasa niambie: vita vilipoisha mkaenda na majembe, mkamfukua Archange bila sala hata moja, na Jumapili ile ile mkampuliza. Ni wapi mliona marehemu anarudishwa kazini? Na kama alikufa, basi aliacha urithi. Na kama kuna urithi, wa kwanza kurithi ni aliyebeba msalaba. Mimi sidai kwa tamaa, Papa. Ninafuata taratibu mlizoanzisha wenyewe.

3. Mpoyi, mpiga tromboni wenu, ananisumbua. Kila siku anasimama dirishani kwangu na kuuliza chombo chake kwa sauti ya mnada, huku mkono wake wa kulia ukienda mbele na kurudi nyuma bila kitu. Wapita njia wanadhani anapiga msumeno. Wateja wangu wamepungua.

Baya zaidi, mmemvuta hata mama yangu upande wenu. Mwajua hali yake. Tangu mvua zilipokwisha hajatoka kitandani. Badala ya kuomba chai, kila asubuhi ananiuliza: "Elie, ile tromboni ya bantu ba fanfare ilishapona?" Ninamjibu bado, anageukia ukuta. Je, ni haki fanfare nzima kujificha nyuma ya mama mgonjwa?

4. Kwa hiyo, baada ya kutafakari, ninaomba mniongezee vyombo. Tarumbeta mbili zitatosha kwa bomba za moshi. Lile baragumu kubwa linalovaliwa begani litakuwa tangi. Ngozi ya ngoma, mkiipenda nchi yenu, nitaifanya turubai. Nanyi mtaimba kwa mdomo. Mungu alitupa midomo kabla ya kutupa shaba. Kwenye mazishi lori langu litatangulia mbele ya jeneza, kwa mwendo wa heshima, na halitachelewa kwa sababu limelewa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu wanafanfare wote.

Natumaini utanijibu kwa hekima yako ya kawaida. Wasalimie wanafanfare, katekista, wa nyumbani kwako, na jamaa zetu wa Kailo ukiwaona sokoni. Msalimie Mpoyi, na mkono wake pia.

Ni mimi mwanao mtiifu,
Elie Kitenge,
fundi redio, karibu na gare ya treni

Baada ya kusaini: Papa, sehemu hii isome peke yako. Shasi ya lori niliimaliza zamani kwa antena za redio mbovu. Ukikwangua ule weupe wa juu, ndani ni shaba ya njano tupu, bomba ndani ya bomba. Lori linatembea. Tromboni yenu nayo nimeilehemu tangu Pasaka na haivuji popote. Nimeifunga kwenye blanketi na kuificha juu ya kabati. Lakini Mama alipoanza kuugua, kabla ya Pasaka, aliniambia: "Miye siendi ku kaburi bila tromboni. Siku itapona, njo siku ntaenda." Nawe unamjua, akisema neno amesema. Naogopa, Papa. Basi nakuomba usimkataze Mpoyi. Aendelee kuja kila siku kunidai, dirisha lile lile, na apaze sauti, Mama asikie.